Kwaya ya Watu Arobaini

Mkiusikia ule wimbo, pale dakika ya tatu
magitaa yanaponyamaza ghafla
kama soko lililopita askari wa kanjo,
kisha kwaya ikaingia, watu arobaini, kifua kwa kifua,
hao wote ni mimi.

Hatukuwa na pesa ya kwaya.
Tulikuwa na ghala la Shimanzi, nyuma ya magunia ya ngano,
maikrofoni moja iliyovishwa soksi,
na Taufiq na kompyuta yake iliyopozwa kwa feni ya mezani.
Fidla zilikuwa za Mbwarali, aliyezoea harusi;
kila alipofika penye msiba mkono wake ulitabasamu,
ikabidi arudie.
Nagib alizipiga ngoma hadi vumbi la ngano likashuka kutoka darini,
tukawa weupe sote,
kama maandazi kabla ya mafuta.

"Umazi," Taufiq akasema, "imba tena. Sasa uwe mwengine."

Nikawa mwengine.
Nikapanda kreti la soda, nikawa mrefu.
Nikageukia ukuta, nikawa mtu aliyekosana na watu.
Nikaziba pua, nikawa shangazi yangu wa Rabai
anavyoimba kanisani, daima nusu hatua mbele ya kinanda.
Nikainamia karai tupu, nikawa wanaume wanne.
Nikamung'unya mabuyu, nikaimba kwa ulimi mwekundu,
nikawa mtoto.
Saa nane usiku stima zikakatika, niko ishirini na sita.
Tukangoja gizani. Huko Kilindini kreni zilikuwa zikilia
kwa sauti ambayo Taufiq aliitamani, na hakuwa na waya wa kuifikia.
Ziliporudi nikawa wa ishirini na saba.

Mwanzo hakuna aliyeutaka.
Mtangazaji mmoja alisikiza nusu, akauliza nani kafa.
Jirani wa ghala akaleta mtu aje asome, atoe pepo;
yule mtu akakaa juu ya gunia hadi mwisho,
akasema: hebu rudisha pale pa kwaya.

Halafu, sijui.
Kijana wa tuktuki wa Bombolulu aliuweka
kwenye spika kubwa kuliko abiria.
Wasichana wa shule Buxton wakaupigia makofi, nyuma-mbele.
Muziki wa chuma! Mombasa hii, ambapo chuma
kazi yake ni kushika kutu.

Swabra ndiye nyota. Nasema bila wivu,
au kwa wivu wa kijiko kimoja cha chai.
Sauti yake ilijifunza kupanda kwenye maulidi,
ikafika juu ikakuta hakuna dari.
Jina lake liko mbele, kwa herufi za dhahabu,
na nyuma, chini kabisa: *na wengineo.*
Basi, hujambo. Mimi ndiye wengineo.

Jumanne niko kazini, petroli, Changamwe,
naandika lita. Lori la kwenda Malaba likasimama,
vioo vimeshushwa, na kutoka mle ndani
nikatoka mimi, mara arobaini.
Dereva akatingisha kichwa: "Hii kwaya ni ya Ulaya.
Sikia walivyopangwa."
Nikamwambia: dizeli, baba? Ya ngapi?

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Wa thelathini na moja alikosea.
Wenziwe waliimba *tutavuka*; yeye aliimba *nitavuka.*
Ilikuwa karibu saa kumi na moja, miguu imevimba,
adhana ya Makupa bado kidogo,
na Taufiq ama hakusikia ama alisikia akanyamaza.
Nimewachezea watu mara nyingi pale, nikawatazama usoni.
Hakuna.
Mimi tu namsikia, mara zote, msichana mmoja
katikati ya umati uliokuwa ukisema sisi.

Dereva alilipa, akasahau chenji yake, shilingi sabini.
Nilimpigia mluzi. Hakusikia,
alikuwa ameongeza sauti.
Akaenda nao wote, Miritini, Mariakani, bara,
na yule mmoja ndani.